Vibert Ovid Semple na Futi Arobaini Zilizozidi, 1944–2022

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Ouida, katika makaburi ya zamani ya Geduld, Jumamosi tarehe 13 Agosti 2022.

Marehemu kaka yetu Vibert Ovid Semple alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, hapa Geduld, pwani ya Corentyne, Berbice. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Ezekiel Semple, mlinzi wa lango la maji, na marehemu Albertha. Cheti kinasema tarehe 16. Hiyo ni siku ambayo baba alipata nafasi ya kwenda kuandikisha, na karani akaandika siku aliyomwona baba badala ya siku aliyozaliwa mtoto. Basi ninyi shikeni ya 14. Linalonitatiza zaidi ni mahali. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya tatu kutoka baharini. Nilipopata akili mimi, ilikuwa ya kwanza. Mwaka 1961 ikabomolewa, na ilipokuwa pakawa maji. Mwaka 2006 pakawa kichaka cha mikoko, mbuzi wa akina Sugrim wanalala humo. Leo ni maji tena. Mchungaji aliniambia mahali pa kuzaliwa paandikwe kwa mstari mmoja tu, nikakaa na kalamu asubuhi nzima. Nimeandika "Geduld", mwenye swali akaitazame mwenyewe bahari.

Alisoma shule ya kanisa ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1950 hadi 1959. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wake wa jiografia, marehemu Bwana Fordyce, aliwahi kuwaambia wachore ramani ya Geduld. Wenzake wote wakachora. Vibert akakaa na karatasi nyeupe.

"Semple, umelala?"

"Hapana, Mwalimu. Nauliza, nichore pwani ya leo au ya mwaka jana?"

Alichapwa viboko vinne kwa utovu wa adabu. Baba alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka langoni na kumfundisha kusoma ubao wa kina cha maji. Nadhani kazi yake ilianzia hapo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akikataa. Alisema kazi ilianza siku aliyolipwa.

Siku hiyo ilikuwa mwaka 1963, alipochukuliwa na wapimaji wa serikali kuwa mshika mnyororo wa kupimia ardhi. Ndio walioisimika ile mistari ya nguzo za mti mgumu usiooza mbele ya kijiji chetu, Nguzo ya Kwanza hadi ya Tisa. Mwaka 1969 wapimaji walihamia kwingine, yeye akaachwa na kanda ya kupimia, kofia na daftari. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, maji yakipwa, aliingia kwenye tope na kupima kutoka kila nguzo hadi pale ardhi ilipokatikia. Kama futi zimepungua, bahari imekula. Kama zimeongezeka, bahari imerudisha. Aliandika, akapeleka nakala ofisini, akasubiri mwezi mwingine. Alistaafu mwaka 2004 na hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye tope kama kawaida. Ameacha madaftari arobaini na moja.

Watu wa nje hudhani bahari ikianza kula inakula moja kwa moja. Ya kwetu haieleweki. Inakula miaka kumi na tano, watu wanahamisha nyumba na kulia, halafu mkondo unaleta tope jingi kutoka upande wa mashariki, mikoko inaota, kijiji kinapata ardhi ambayo hakuna aliyeiomba. Halafu tope linahama kwenda kwa jirani, na bahari inaanza upya. Nilimuuliza Vibert mara mia, sasa pwani yetu inapungua au inaongezeka? Jibu lake lilikuwa moja siku zote. "Tangu lini, Ouida? Niambie tangu lini, nikujibu." Nilitoka kwake nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, na nikirudi kesho yake ananijibu vilevile.

Alifunga ndoa na marehemu wifi yangu Verlyn Adonis, fundi cherehani wa New Amsterdam, tarehe 17 Aprili 1971 katika kanisa hili mnaloliona. Arusi ilikuwa saa nne. Bwana arusi alifika saa tano kasoro, suruali nyeupe ina tope hadi magotini. Usiku kulipita mawimbi makubwa, na yeye akaona apitie Nguzo ya Pili mara moja tu.

Verlyn alimtazama kuanzia chini kwenda juu. "Vibert, unanioa mimi au unaoa tope?"

"Wewe, mpenzi. Tope ni kazi."

"Basi kazi ivuliwe mlangoni."

Akavua viatu na kuoa akiwa na soksi. Walipata watoto wawili, Colwyn mwaka 1973 na Marcelle mwaka 1976. Waliishi pamoja miaka ishirini na mitano. Waligombana kuhusu mambo mawili tu, tope ndani ya nyumba na sauti ya redio, na naapa sikuwahi kuona mwanamume anayezima redio haraka kama kaka yangu akisikia hatua za mkewe.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa watu wengine huendelea moja kwa moja. Wa Vibert hauwezi, na mwenye kosa ni mimi.

Mwaka 1979 nilijifungua binti yangu Shonette. Mnajua desturi yetu, kitovu cha mtoto huzikwa mahali pasipohama, ili mtoto hata akienda mbali ajue njia ya kurudi. Nyumba zetu zinahama. Miti inaliwa. Mama akaniambia, "Ouida, ni kitu gani Geduld hakijahamishwa hata mara moja?" Tukatazamana. Nguzo za serikali. Tukakizika kitovu chini ya Nguzo ya Saba, ile iliyo mbele kabisa ya uzio wa makaburi haya, na mama akasali, na Vibert hakuambiwa, kwa sababu angeandika kwenye daftari.

Mwezi Oktoba 1993 Vibert alikuwa New Amsterdam, amefanyiwa upasuaji wa ngiri, na daktari amemkataza kunyanyua hata kikombe kwa wiki tano. Bahari ilikuwa inakula mwaka wa kumi na moja. Nilikwenda kuitazama Nguzo ya Saba nikakuta ukingo uko futi tisa tu kutoka pale. Shonette alikuwa na miaka kumi na minne, ameanza kuzungumza habari za Toronto. Nilishikwa na hofu ambayo hadi leo siwezi kuieleza kwa mtu mwenye akili timamu. Nilikwenda kwa jirani yetu, marehemu Sugrim, aliyekuwa na mkokoteni na ng'ombe.

Sugrim akaitazama nguzo, akanitazama mimi. "Dada Ouida, hii mali ya serikali."

"Serikali haina kitovu, Sugrim. Chimba."

"Na Mzee Vibert je?"

"Mzee Vibert amelala hospitali. Chimba, bwana, maji yanajaa."

"Mimi nachimba. Lakini wakija kukamata mtu, namba ya nyumba yako naijua."

Tuliing'oa nguzo pamoja na udongo wa chini yake, tukairudisha nyuma futi arobaini kuelekea makaburini, tukaisimika wima kabisa. Namba yake ilikuwa imefutika kidogo, nikaikoleza kwa rangi ya buluu iliyobaki ya madirisha yangu. Nilirudi nyumbani nikapika wali wa kunde na nazi, nikalala usingizi mzuri. Nilikuwa nimemwokoa mwanangu. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba nimegusa kipimo. Kwangu nguzo ilikuwa nguzo.

Jumatatu tarehe 1 Novemba, daktari akataze asikataze, Vibert aliingia kwenye tope na mkongojo. Akapima Nguzo ya Saba. Mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya upasuaji, futi tisa. Sasa, arobaini na tisa. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Alikuja mbio kwangu, mkongojo uko begani.

"Ouida! Imegeuka!"

"Nini kimegeuka?"

"Bahari! Futi arobaini kwa mwezi mmoja! Nguzo nyingine zimelala, lakini ya Saba imeamka! Tope limeanza kuingia kwa katikati!"

Nilikuwa nimeshika kijiko. Ningeweza kusema. Nilimtazama kaka yangu anavyocheka, kovu la ngiri bado bichi, amekaa miaka kumi na mmoja anaandika habari mbaya tu, nikasema, "Afadhali." Neno hilo moja. Ndugu zangu, nimekuwa nikilisikia mdomoni mwangu kwa miaka ishirini na tisa.

Kwa sababu kulikuwa na mahesabu ambayo mimi sikuyajua. Kutoka Nguzo ya Saba hadi uzio wa makaburi, wapimaji waliandika mwaka 1963, ni futi sabini. Vibert akipata kipimo cha bahari hadi nguzo, anajumlisha sabini, anapata bahari hadi makaburi. Nguzo imerudi nyuma arobaini, sabini si sabini tena, ni thelathini. Yeye anaendelea kujumlisha sabini. Ikaonekana makaburi yamepata futi arobaini za ardhi ambazo hazikuwapo duniani. Akaandika ofisini kwa furaha. Mwaka 1994 ofisi ilipopanga vijiji vya kujengewa ukuta wa mawe, mbele ya Geduld kulikuwa na neno "inaongezeka". Mawe yakapita hapa barabarani siku tatu mfululizo, tukiyapungia mikono, yakaenda kwa jirani. Wanakijiji wenzangu, mliojiuliza miaka yote hii kwa nini, sasa mnajua. Mkiweza, mniwie radhi. Msipoweza, nigombezeni baada ya chakula, maana nitakuwa nimekaa pale karibu na kahawa.

Wifi yangu Verlyn alifariki Jumapili tarehe 19 Mei 1996 kwa shinikizo la damu. Kaka zake walitaka azikwe makaburi mapya ya barabarani, mbali na maji. Vibert akafungua daftari mbele yao. "Mama Colwyn atalala karibu na kanisa alimofungia ndoa. Makaburi yako salama. Namba hizi hapa." Nao wakaziamini namba, nani hakuziamini namba za Vibert? Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona na kitambaa cheupe kichwani, nikanyamaza kwa mara ya pili. Nilijiambia labda bahari imegeuka kweli. Nilijiambia nimesahau tulihamisha kiasi gani. Mtu akitaka kuchanganyikiwa, atapata njia.

Na hapa ndipo kichwa kinaponiuma. Mwaka 1998 tope lilikuja kweli. Lilikuja kwa mamia ya futi, mikoko ikafunika mbele yote ya kijiji, watoto wakacheza kriketi mahali ambapo baba yetu alivua samaki. Vibert akawa sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Nikashukuru Mungu, nikafunga mdomo kwa raha. Shonette akaenda Toronto mwaka 2001, kitovu chake kiko salama kabisa chini ya nguzo, mwenyewe hajarudi mwaka wa ishirini na moja, leo anatutazama kwa simu ya Marcelle. Salamu, mwanangu. Mjomba wako alikuuliza kila Krismasi. Mwaka 2013 tope likahama, bahari ikaanza tena kula, na hapo hofu yangu ikarudi kukaa mahali pake.

Kaka yetu alipatwa na kiharusi tarehe 9 Novemba 2021, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Daktari alimwambia apumzike, naye akakubali, ila Jumatatu za kwanza. Colwyn alimtoa na kiti hadi kwenye ngazi za kanisa, yeye akakaa na daftari magotini, Colwyn akaingia kwenye tope na kanda.

"Inyooshe! Colwyn, nimesema kanda, sikusema kamba ya nguo!"

"Imenyooka, baba!"

"Imenyooka kama mkia wa nguruwe! Rudia!"

Kipimo chake cha mwisho alikichukua Jumatatu tarehe 1 Agosti, siku ya sikukuu ya ukombozi wa watumwa, ngoma zinalia barabarani. Aliandika, akafunga daftari, akala sahani nzima ya samaki na mihogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Pasaka. Kesho yake, Jumanne tarehe 2 Agosti 2022, saa kumi na moja alasiri, nyumbani kwake, alimwomba Marcelle amgeuze upande wa dirisha. Marcelle alipomgeuza alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Mngetarajia kwamba mtu aliyeandika kila kitu ataandika pia azikwe wapi. Hakuandika. Colwyn aliambiwa na baba yake mwezi Mei, "Nipeleke makaburi ya barabarani, mimi sitaki kuelea." Marcelle aliambiwa na baba huyohuyo mwezi Juni, "Nilaze na mama yako." Wakaanza kubishana siku ya pili ya msiba, wageni wanacheza dhumna uani, wao wako chumbani na daftari la mwisho katikati. Wakaniita mimi niamue, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki.

"Shangazi, tazama mwenyewe," Marcelle akasema. "Bahari hadi makaburi, futi themanini na mbili. Inakula saba kwa mwaka. Tuna karibu miaka kumi na miwili. Miaka kumi na miwili si haba, tope litakuwa limeshakuja."

Colwyn akaweka kidole kwenye ukurasa uleule. "Hiyo ya wino. Soma ya kalamu ya risasi pembeni. Arobaini na mbili. Miaka sita! Unataka tumzike baba tukamzoe baada ya miaka sita?"

"Ya risasi ni mahesabu yake ya pembeni tu."

"Baba hakuwa na mahesabu ya pembeni, Marcelle! Lini umemwona baba anachezea namba?"

Nikachukua daftari. Kweli, namba mbili, moja ya wino na moja ndogo ya risasi. Nikachukua la mwaka uliotangulia, na lililotangulia hilo, nikarudi nyuma na kurudi nyuma, vumbi likanipalia. Kila mwezi, wino na risasi, na kila mwezi risasi ilikuwa pungufu kwa arobaini. Si thelathini na tisa, si arobaini na moja. Risasi ya kwanza niliikuta Jumatatu tarehe 7 Oktoba 1996, miezi mitano baada ya kumzika Verlyn. Inaelekea siku hiyo, akitoka kaburini kwake, alivuta kanda kutoka uzioni hadi kwenye nguzo, kwa mazoea tu. Aliandika hivi, kwa herufi ndogo: "Nguzo 7 hadi uzio, futi 30. Si kosa la bahari."

Alijua. Alijua miaka ishirini na sita. Nilijaribu kujidanganya kwamba pengine hakujua ni nani. Kisha nikakumbuka rangi. Kila mwaka kabla ya Krismasi kaka yangu alikuja kwangu kuomba rangi ya buluu ya madirisha, akoleze namba ya Nguzo ya Saba. Nguzo nyingine zote namba zake ni nyeusi. Nilimpa kila mwaka, nikimtania kwamba serikali imemfundisha ubahili. Naye alicheka, akasema, "Rangi yako inadumu, Ouida." Hakusema kingine.

Sielewi. Nimekaa na jambo hili siku kumi na moja na bado sielewi. Angeweza kusahihisha daftari, mawe yangekuja. Au angeniita mbele ya watu. Au angeniita pembeni, akanitukana, tukalia, tukala. Sijui kama alinisamehe, au alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe, au aliona haya kwa sababu yeye ndiye aliyesoma zile namba mbele ya kaka zake Verlyn. Labda yote. Ningetoa meno yangu yaliyobaki nipate robo saa ya kumuuliza.

Basi nikawaambia watoto. Niliwaeleza kitovu, ng'ombe wa Sugrim, rangi, kijiko, kila kitu. Colwyn alisimama akatoka, akarudi, akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo mama tulimzika kwa vipimo vya kitovu cha Shonette?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wewe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa pale."

Marcelle alikuwa amejifunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka na kulia vyote viwili. "Futi arobaini," akasema. "Baba miaka yote anatugombeza kwa inchi mbili, na shangazi kaiba futi arobaini na mkokoteni."

Colwyn hakucheka. Hajacheka bado, na simlazimishi. Lakini jana asubuhi alikuja na kanda ya baba yake, akaniambia, "Vaa mabuti, shangazi." Tukapima pamoja, mimi na miaka yangu sabini na miwili, kutoka ukingo hadi uzio usiohamishwa na mtu. Futi arobaini na mbili. Hakuna haja tena ya wino na risasi, namba ni moja.

Baada ya kupima tulikaa kwenye ngazi za kanisa tukaamua. Kumpeleka Vibert barabarani ni kumwacha Verlyn hapa peke yake na bahari, kwa kosa langu. Kumhamisha Verlyn leo haiwezekani, kibali hakijatoka na maiti haisubiri ofisi. Kwa hiyo anazikwa hapa, kando ya mkewe, na sote tunaozika tunajua tunachofanya. Hatutasema tena kwamba mahali hapa ni salama. Colwyn atapima kila Jumatatu ya kwanza. Ukingo ukifika futi tano kutoka uzioni, tutawatoa wote wawili na kuwapeleka makaburi ya barabarani, katika shimo moja. Kibali kimeshaombwa, na safari hii jina langu limeandikwa juu ya karatasi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Colwyn na Marcelle, mkwe mmoja, Deonarine, wajukuu watano, Kester, Anjali, Tevin, Roxanne na Delon, mpwa mmoja, Shonette, na dada mmoja, mimi. Mtaona katika ratiba yenu kwamba orodha ya wabeba jeneza imechapishwa mara mbili. Si kosa la mpiga chapa. Ya kwanza ni ya leo. Ya pili ni ya siku ile ya kuwahamisha, na majina ni ya wajukuu, kwa kuwa wengi wetu wa leo hatutakuwapo au hatutakuwa na mgongo. Shonette, jina lako nimeliweka katika orodha ya pili, nafasi ya mbele kulia, bila kukuuliza.

Kaka Vibert, pumzika kwa amani miaka sita. Kisha tutakuja kuwachukua.